Mjadala: Bando tulilolipia liishe kwa tarehe au liishe kwa matumizi?

Mleta mada

Wakuu, hoja yangu ni fupi. Ukinunua kilo mbili za unga Jumatatu, Jumapili mwenye duka haji jikoni kwako kuchota uliobaki. Bando la wiki la GB 2 likifika siku ya saba na MB 700 ndani, zinafutwa, na hakuna anayekuuliza. Sheria itamke wazi kwamba MB zilizolipiwa zinakaa hadi ziishe zenyewe. Anayepinga aje na hesabu, asituletee "ndivyo mtandao ulivyo".

MnaraWaPili

Mfano wa unga unavunjikia hapohapo dukani. Unga unakaa kwenye debe, MB hazikai popote. Ulichonunua ni ruhusa ya kupitisha data kwenye mnara, na uwezo wa mnara haulimbikizwi.

Sekta moja ya 4G, yaani upande mmoja wa mnara, yenye upana wa MHz 20 kwenye karatasi inafika Mbps 150 (megabiti kwa sekunde). Mtaani, wengine wakiwa nyuma ya kuta na wengine pembezoni mwa masafa, tarajia wastani wa 30 hadi 40 kwa wote kwa pamoja. Video ya 720p inakula kama Mbps 2. Watu 20 wakifungua video saa 2 usiku, sekta imejaa. Wa 21 simu yake inasoma 4G vizuri tu na kiduara kinazunguka. Saa 9 usiku sekta hiyohiyo haina mtu, ila umeme unaliwa, na pasipo na gridi ni dizeli ya jenereta. Nafasi iliyopita bila mtu imepita, kama kiti cha daladala iliyoondoka kituoni haijajaa. Kwa hiyo anayepanga mtandao anataka kujua mzigo utakaokuja wiki hii. Mabando ya usiku ni rahisi kwa sababu hiyo.

Daftari

Mkuu MnaraWaPili, kiti cha daladala nakubali, ila umemkalisha abiria siye. Msongamano ni jambo la saa, na tarehe ya bando ni jambo la siku saba. Bando linaloisha Jumapili halimzuii mtu kufungua video Alhamisi saa 2 usiku. Tena tarehe inaongeza foleni: mtu akiona amebakiwa na MB 700 na zinakata saa 5:59 usiku, atapakua hata asichokihitaji, na atafanya hivyo jioni, saa ambayo mnara wako umeelemewa. Kama shida ni msongamano, dawa ni bei ya mchana na bei ya usiku, siyo kufuta salio.

Sababu yenye uzito iko kwenye vitabu vya hesabu. Pesa ya bando lisilotumika bado haijawa mapato, ni deni la huduma. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 15, kampuni inaiingiza kwenye mapato kadiri inavyotoa huduma, au ikiwa na msingi wa kukadiria kwamba sehemu fulani haitadaiwa kamwe. Tarehe ya mwisho ndiyo kifutio cha lile deni. Bila tarehe, deni linatembea kwenye vitabu mwaka hadi mwaka.

Na kuna mgeni wa tatu mezani ambaye hakuna anayemtaja. Chukua bando la Sh 1,000 kwa viwango vya kawaida vya mwaka 2024: ushuru wa bidhaa asilimia 17, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Gawa 1,000 kwa 1.3806 unapata kama Sh 724. Hiyo ndiyo ya kampuni. Sh 276 ni kodi. MB zako zikifutwa, kodi yake hairudi. Serikali imeshapokea ushuru wa huduma ambayo hukuipata, ndiyo maana siitegemei ilipigie kelele jambo hili.

KuraYangu

Hapo kwenye serikali umegusa penyewe. Bei ya bando ni siasa kuliko bei ya sukari. Kila bunge la bajeti wabunge wanalia na vifurushi, makofi yanapigwa, wiki ijayo kimya.

KanuniNdogo

Siyo kimya kabisa. Tukumbushane, maana humu watu wanadai sheria kana kwamba hakuna kilichoandikwa.

Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa kanuni ndogo za vifurushi zilizotakiwa kuanza tarehe 2 Aprili. Ndani yake kampuni zilitakiwa kumjulisha mteja matumizi yakifika asilimia 75 na asilimia 100, kumwezesha kuhamishia data kwa mwenzake ndani ya mtandao mmoja, na kumruhusu aendelee kutumia uniti zilizobaki baada ya muda kuisha. Lakini soma sharti la hilo la mwisho: endapo atanunua tena kifurushi kilekile kabla muda wake haujaisha. Kilekile, na kabla. Ukichelewa dakika kumi, huna haki. Ukinunua cha siku badala ya cha wiki, huna haki.

Siku hiyo ya kuanza ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu waliamka na menyu mpya, MB zimepungua kwa pesa ileile, kelele zikawa kubwa. Wizara, Dkt. Faustine Ndugulile akiwa waziri, ikasitisha bei mpya na menyu za zamani zikarudi. Kwenye mjadala wa mtaani kilichobaki ni bei. Ule utaratibu wa kuendeleza uniti, ambao ndio hasa mleta mada anaudai, ulipata wasemaji wachache sana.

Halafu kuna bei kikomo za TCRA zilizotajwa sana mwaka 2022: Sh 2.03 kwa MB kwa chini, Sh 9.35 kwa juu. Zigeuze kwa GB ya MB 1,024: karibu Sh 2,079 hadi Sh 9,574. Ndani ya uwanja mpana namna hiyo, kampuni inaweza kukupa bando lisilo na mwisho kesho asubuhi na bado usilinunue.

PwaniMoja

Hilo la mwisho sisi huku Kenya tumeliona. Safaricom ilileta bando zisizo na mwisho Oktoba 2019, na kweli hazifi. Lakini angalia watu hununua nini. Kwa muda mrefu GB 1 ya saa 24 imekuwa shilingi 99 za Kenya, na ofa za saa moja ziko chini zaidi ya hapo. Ile isiyokufa, kila MB ni ghali kupita zote hizo. Kwa hivyo mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hununua isiyo na mwisho, naye mwenye kutafuta riziki ya leo hununua ya leo. Nawaonya ndugu zangu wa Bongo: mkipiga marufuku tarehe bila kushika bei, atakayeumia ni yule wa mia tano.

Mleta mada

PwaniMoja, nakubali hatari hiyo ipo. Lakini bei ya menyu inadanganya, na hesabu niliyoidai kwa wengine sasa naileta mwenyewe. GB 1 ya wiki kwa Sh 2,000 inaonekana Sh 1.95 kwa MB. Aliyetumia MB 600 tu amelipa Sh 3.33 kwa kila MB iliyofanya kazi. Kipimo chenyewe ni rahisi: gawa 1 kwa uwiano wa bei. Kama lisilo na mwisho ni ghali mara moja na nusu, basi ukitumia chini ya theluthi mbili za bando la tarehe, lisilo na mwisho lilikuwa nafuu kwako. Kama ni ghali mara mbili, mpaka ni nusu. Ila mtu ataipigaje hesabu hiyo wakati menyu ya USSD inamwonyesha mistari sita, kila mmoja na "bonasi" yake, dakika zimechanganywa na SMS asizotuma?

FundiSimu

Kabla hatujaenda bungeni, nusu ya malalamiko ya "bando limeyeyuka" yanaanzia kwenye simu yenyewe. Nayaweka kwa mpangilio wa ninavyoyakuta mara nyingi.

WhatsApp ndiyo ya kwanza. Ingia Mipangilio, Hifadhi na data, kisha upakuaji otomatiki wa media. Pale penye data ya simu ondoa tiki zote nne: picha, sauti, video, hati. Magrupu matatu ya harusi yanatosha kukumalizia bando la siku. Ya pili ni Play Store: masasisho yawe kwa Wi-Fi pekee. Ya tatu ni Google Photos, zima kuhifadhi nakala kwa data ya simu; video ya dakika moja ya kamera inaweza kuzidi MB 100, na inapanda usiku umelala. Kisha washa Kiokoa Data, na kwenye matumizi ya data weka tarehe ya kuanza hesabu iwe siku uliyonunua bando, la sivyo namba za simu na za kampuni hazitakaa zikutane.

Hata ukiweka sawa, tofauti itabaki. Kuna wanaohesabu GB kwa 1,000 na wanaohesabu kwa 1,024. Kwenye GB moja tofauti inafika asilimia 7 na ushee. Hapo hujaibiwa, mmetumia vibaba viwili tofauti.

Sasa upande wa kampuni, hapa mleta mada ana haki. Kila bando ulilonunua linakaa kwenye pochi yake ndani ya mfumo wa kutoza, na kila pochi ina tarehe na daraja lake la kuliwa. Ukiwa na bando la wiki lililobaki siku moja, halafu ukaongeza la mwezi, lililo sahihi ni kula kwanza linalokaribia kufa. Daraja likipangwa vingine, la mwezi linaliwa, la wiki linakufa limejaa. Ukitaka kujua lako, angalia salio kabla, washa data, tumia kama MB 50, zima data, subiri dakika tano, angalia tena ni pochi ipi imepungua. Kuzima data ni muhimu, kwa sababu mfumo unakata kwa mafungu na fungu lililoshikwa halirudi hadi kipindi kifungwe.

Pia soma neno. "Saa 24" ni hadi muda uleule kesho. "Siku" mara nyingine ni hadi saa 6 usiku, ukinunua saa 4 usiku umenunua saa mbili.

MnaraWaPili

Daftari na FundiSimu mmenisogeza. La foleni ya siku ya mwisho ni kweli. Lakini sitaki sheria ya kufuta tarehe zote. Afrika Kusini, mamlaka yao ya mawasiliano, ICASA, mwaka 2019 haikupiga marufuku tarehe. Ililazimisha mteja apewe njia ya kuendeleza na ya kuhamisha data, arifa kwa asilimia 50, 80 na 100, na asikatwe bei ya nje ya bando bila ridhaa yake. Hiyo naiunga mkono hata kesho.

KanuniNdogo

Basi tofauti yetu imebaki kwenye maneno mawili, "kilekile" na "kabla". Yaondolewe hayo, ziwekwe siku saba za neema baada ya muda kuisha, na ukinunua bando lolote la data ndani yake salio liendelee. Na aliyefutiwa MB kinyume cha masharti aliyonunulia asiishie kutukana: apige picha ya ujumbe wa kununua na wa salio, alalamike kwa kampuni na kuchukua namba ya lalamiko. Kampuni ina siku 30. Zikipita, faili linaenda TCRA na ile namba ndiyo ushahidi. Asiporidhika huko, kuna Baraza la Ushindani.

KuraYangu

Siku 30 kwa MB 700 za buku mbili? Nani ataenda, mkuu?

KanuniNdogo

Mmoja haendi. Ndiyo maana kuna TCRA-CCC, baraza la watumiaji. Malalamiko mia ya aina moja, yote yana namba, yanabebwa kwa pamoja.

Mleta mada

Siku saba za neema sizikubali bado, siku ya nane unga unachotwa vilevile. Ila wenye mabando ya mitandao tofauti wafanye jaribio la FundiSimu la MB 50 waweke majibu hapa: pochi ipi imeanza kuliwa, ya karibu au ya mbali.