Tiryaki na kiuasumu: ni kitu kimoja?

MkaziLangoni (Lamu): Asalaam aleikum. Vitabu vya tiba vya Kiarabu vinavyosomwa hapa Amu huiita dawa ya sumu "tiryaki". Kamusi zetu zina "kiuasumu". Tiryaki lina asili gani, na je, maana yake ni hiyo hiyo?

MaalimMkomani: Waaleikum salaam. Tiryaq lilihamia Kiarabuni. Chimbuko lake ni Kiyunani, *theriake*, kutokana na *therion*, mnyama wa mwitu: yaani dawa ya kuumwa na mnyama mwenye sumu. Andromachus, tabibu wa mfalme Nero wa Roma, aliiandikia mchanganyiko wa vitu 64: nyama ya nyoka, afyuni, mizizi, majani, vyote vikasongwa kwa asali. Hiyo afyuni ndiyo iliyolipotosha neno. Kwa Waajemi *taryak* ikawa afyuni yenyewe. Kwa Waturuki *tiryaki* ni mraibu. Kwa hiyo tazama kwanza kitabu ni cha lugha gani.

Kiuasumu ni neno letu la kuunda: ua + sumu, na ki- ya kifaa (ingawa sumu nayo ni ya Kiarabu). Tafadhali msilichanganye na kiuavijasumu. Hicho huua bakteria, hakiondoi sumu.

DawaMalindi: Niongeze tofauti iliyo kubwa zaidi. Tiryaki iliaminiwa kutibu kila sumu. Kiuasumu cha hospitali kina sumu yake: atropini kwa dawa za wadudu za oganofosfeti, asetilisisteini kwa parasetamoli iliyozidi, na hiyo hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Mkaa wa dawa, gramu 50 kwa mtu mzima, hunasa sumu nyingi tumboni ukinywewa katika saa ya kwanza, tena kwa amri ya daktari. Haunasi parafini wala vidonge vya madini ya chuma. Mkaa wa jikoni hauna vitundu vidogo vidogo vingi vya kunasa sumu kama huo wa dawa, basi usiusage ukampa mtu. Na mtoto aliyekunywa parafini asitapishwe, wala asijazwe maziwa hadi atapike: ikipanda kooni huteremkia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari. Mpelekeni upesi, na chupa ichukueni.

MkaziLangoni: Ahsanteni sana. Na lile jiwe jeusi la nyoka, linalobandikwa palipoumwa ili lifyonze sumu?

MaalimMkomani: Hilo lina jiwe ndugu yake: *padzahr* ya Kiajemi, "kinga ya sumu", jiwe litokalo tumboni mwa mbuzi. Jiwe jeusi lenyewe mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa.

DawaMalindi: Hunata kwenye kidonda kwa kuwa lina vitundu vya kufyonza unyevu. Sumu imeshaingia nyamani, haifuati jiwe. Aliyeumwa na moma vueni pete na bangili kabla hajavimba, msimchanje, msimfunge kamba, mguu utulizwe kwa ubao, kisha hospitali. Dawa yake hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kingamwili, na moma asipokuwa kati ya nyoka waliotumiwa, dawa hiyo haimfai aliyeumwa.