Kanifungia dirisha hela yangu ikiwa nusu ndani!

Mtoto wa Genge:
Wakuu, nina hasira sijalala. Yule bwana wa kukata tiketi za treni pale kituoni kwetu, njia ya Kaliua kwenda Mpanda. Simtaji, nyote mnamjua.

Nimefika saa kumi alfajiri na mama mzazi na madumu mawili ya asali. Nikapenyeza noti ya elfu kumi. Akapiga mwayo, tembo wa Ugalla angeingia akageuza humo humo. Halafu PWAA! Kafunga. Noti nusu ndani, nusu nje! Mama yangu, miaka sabini, kaishika mkia kama kakamata panya: "Mwanangu, vuta polepole, itachanika."

Sauti ikatoka ndani: "Njooni baadaye." Baadaye ipi, kwa treni ya kuhesabia siku? Babu yangu kabeba mataruma ya reli hii ya Mjerumani, leo mjukuu anafungiwa dirisha. Nusu nje, jamani!

Mgebuka Mkavu:
Mjerumani alifikisha reli Tabora 1912, Kigoma 1914, na 1916 Wabelgiji wakamtoa Tabora. Tawi la Mpanda ni la Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa anafuata madini ya risasi. Babu yako alimbebea nani?

Mtoto wa Genge:
Awe Mjerumani awe Mwingereza, mimi nasemea NOTI!

Bi Karanga:
Pole mdogo wangu. Huyo huyo aliniambia choo ni cha wenye tiketi. Tiketi zenyewe hajaanza kuuza!

Kijana wa Isevya:
Noti ilitoka haikutoka?

Mtoto wa Genge:
Ilitoka. Kona imebaki kwake.

Kijana wa Isevya:
Hahahaaa! Kakukatia tiketi ya kona.

Shemeji Urambo:
Nyie mna dirisha mnalalamika. Juzi behewa letu limesimama nje ya kituo kabisa, nimeruka kwenye kokoto na mtoto mgongoni, usiku.

Mgebuka Mkavu:
Afadhali kokoto. Mimi Uvinza mpaka Tabora nimesimama mguu mmoja, njia yote ya behewa imejaa magunia ya dagaa.

Bi Karanga:
Kumbe ni hao! Kanga zangu nimefua mara tatu bado zinanuka. Wenyewe nani?

Mgebuka Mkavu:
Dada, ulikuwa behewa la ngapi?

Bi Karanga:
La tatu kutoka kichwani. Usinizungushe, dagaa ni wa nani?