Mwili ukikuambia "ngoja", unajuaje ni onyo au ni woga tu?

FundiWaKibuye (Kisumu)

Wenzangu wa kazi za mikono, hamjambo.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Kibuye. Nashona sare za kwaya, magauni ya harusi, na gomesi za akina mama wanaotoka upande wa Busia. Swali langu halihusu cherehani wala bei ya uzi, linahusu mwili.

Siku hizi mteja akiniachia kitambaa sishiki mkasi papo hapo. Nakitandaza mezani, napitisha viganja juu yake, natazama maua yameelekea wapi. Kuna vitambaa ambavyo nikivigusa tu, kifua kinafunguka. Pumzi inashuka hadi tumboni, viganja vinapata joto, na nauona mshono mzima kabla sijachora hata mstari mmoja wa chaki: kola itakaaje, marinda yataanzia wapi. Siku hiyo hata kelele za soko sizisikii. Kuna vingine ambavyo tumbo linajikunja, mabega yanapanda hadi karibu na masikio, na nakuja kugundua baadaye kwamba nilikuwa nimeuma meno muda wote.

Hapo ndipo napotatizika. Wakati mwingine kubanwa huko ni onyo la kweli. Juzi mama mmoja aliniletea satini ya harusi ya bintiye, akataka mtindo aliouona kwenye simu. Tumbo likakataa. Nikaiacha hadi jioni, nikaipima tena, kumbe kitambaa hakitoshi, mikono isingetoka. Lakini tumbo hilohilo hukataa pia kwa sababu kazi ni ngeni tu. Kuna koti la kitenge, mgongo wake ni vipande vilivyounganishwa, ambalo lilinitetemesha tangu kukata hadi kifungo cha mwisho. Hilo ndilo watu husimama mlangoni kulitazama, na ndilo limeniletea wateja kuliko nguo nyingine yoyote.

Woga wa jambo jipya na onyo la jambo baya, vyote viwili vinanikaa palepale chini ya mbavu. Mnavitenganishaje?

Tena kuna hili la vidole. Vinakufa ganzi na kuchomachoma, hasa nikiwa na wazo kubwa na nimeshona hadi usiku. Jirani yangu wa kibanda anasema hiyo ni nguvu ya ubunifu inatafuta pa kutokea. Ni kweli?

Nina watoto na nina kodi ya kibanda, kwa hiyo sina saa nzima ya kukaa nimefumba macho. Nataka kitu ninachoweza kufanya mkasi ukiwa mkononi.

MchongajiTabaka (Kisii)

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ni langu pia. Nachonga mawe ya sabuni huku Tabaka.

Kwangu dalili hizo mbili hazikai mahali pamoja. Jiwe likiwa na kasoro, onyo huja mkononi: kisu kinasita mahali fulani, nikigonga jiwe sauti inatoka butu, najua kuna ufa ndani. Woga wa kazi mpya hauna mahali pake, umeenea mwili mzima, na nikianza kuchonga pembeni kidogo unapungua wenyewe. Kwa hiyo mimi huuliza mwili nikiwa nafanya kazi, si kabla. Chukua kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, kata huo mtindo unaokutisha, hata ukiwa mkono mmoja tu. Tumbo likilegea ukiendelea, ulikuwa woga. Likizidi kukaza kila unavyosogea, rudi kwenye vipimo, kuna kitu umekiona bila kujua kwamba umekiona.

Na usividharau hivyo vidole. Mama yangu husugua sanamu kwa msasa ndani ya karai la maji, macho yake yakiwa kwa jirani anayepiga naye soga. Vidole vyake hupata mkwaruzo ambao mimi nimeligeuza jiwe juani nisiuone. Akisema "bado hapa", huwa ni bado kweli.

Muuguzi_Nakuru

Mimi ni muuguzi, na nitaanza na hivyo vidole kwa sababu ndivyo vilivyonishtua.

Fundi, angalia vizuri ni vidole vipi. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa kidole cha pete, na kama unaamka usiku ukikung'uta mkono ili upate nafuu, basi huenda ni neva inayobanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono. Mafundi wa nguo wamo miongoni mwa wanaopatwa sana, kwa sababu ya kukunja mkono na kurudia mwendo uleule kutwa. Ikiachwa muda mrefu, nyama iliyo chini ya kidole gumba huanza kupungua na mkono unapoteza nguvu ya kushika. Nenda kliniki wakuangalie. Kwa sasa jitahidi mkono ukae umenyooka unapokata, noa mkasi ili usiukamue, na pumzika mapema. Jirani yako anakupenda, lakini kwa hili usimfuate.

Tukija kwenye tumbo: hisi za ndani ya mwili ni elimu kamili. Charles Sherrington, mwanasayansi Mwingereza, alizitenga na hisi za nje kama kuona na kusikia katika maandishi yake ya mwaka 1906. Kuna neva iitwayo vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo, mapafu na utumbo, na nyuzi zake nyingi zaidi hupeleka habari juu kuliko zinazoleta amri chini. Kwa hiyo tumbo lako linaripoti kweli. Tatizo ni kwamba linaripoti kila kitu: njaa, usingizi haba, chai kali ya saa nne. Na moyo hudunda mbio kwa furaha na kwa hofu vilevile. Kabla ya kuamua kitambaa kimekukataa, jiulize umekula nini tangu asubuhi.

Cha kufanya mkasi ukiwa mkononi ni kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi. Ukifika kama pumzi 6 kwa dakika, mabega yatashuka yenyewe, na kile kitakachobaki kimekaza baada ya hapo ndicho cha kusikilizwa.

Ila kifua kikibana kama kimekandamizwa, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likikutoka, usikae kujichunguza. Hospitali moja kwa moja.

NgomaShinyalu (Kakamega)

Nakubaliana na waliotangulia, ila jambo moja nalipinga: kungoja kifua kifunguke ndipo uanze.

Mimi hupiga isukuti, ngoma za kwetu huku Kakamega. Tukiitwa kwenye matanga au harusi, hakuna anayeniuliza najisikiaje. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huwezi kuwaambia wenzako wakusubiri upate joto. Joto huja ndani ya mdundo. Kwanza nyayo, halafu magoti, mikono inafuata, na kichwa ndicho cha mwisho kufika. UNESCO iliiandika isukuti mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na sisi tunaofundisha vijana tunaona sababu yake kila siku: kijana anajua mapigo yote kwa kichwa, lakini amesimama kama ametiwa saruji. Huwa namwambia avue viatu kwanza, asimame karibu na ngoma kubwa hadi aisikie mbavuni.

Wewe una kanyagio. Asubuhi shona vipande vya kutupa, mistari mirefu isiyo na maana, hadi mguu uingie kwenye mwendo. Baada ya hapo ndipo ukitandaze kitambaa cha mteja.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Asanteni sana, na mungu awabariki.

Muuguzi, vidole ni hivyohivyo ulivyovitaja, na usiku huwa naukung'uta mkono. Jumatatu soko likipoa naenda kliniki. Mkasi nimeshaupeleka kunolewa. Mchongaji, nina marekani iliyobaki, na kuna joho la kwaya lenye mikono mipana nimekuwa nikilizunguka tu. Nitaanza na mkono mmoja.

Ndugu wa Shinyalu, nikuulize kidogo: matanga ya usiku kucha, unajuaje mwili umechoka kweli na si uvivu?

NgomaShinyalu (Kakamega)

Uvivu unachelewesha mdundo. Uchovu wa kweli unaukimbiza. Nikisikia ngoma ya kati imebaki nyuma yangu, najua ni mimi niliyetoka mbio, si yeye aliyechelewa. Hapo nampa mwenzangu ngoma, nakwenda kunywa maji.