Kusafirisha boti ya matanga kwa lori kutoka Ziwa Michigan hadi Florida kwa majira ya baridi

Kaskazi

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wale waliowahi kuhamisha boti kwa barabara. Ninayo boti ya matanga yenye urefu wa mita 9.5 na upana wa mita 3.05, na mkuku wake (uti mzito wa chini ya boti), usioweza kukunjwa, huzama mita 1.5 majini. Kila ifikapo Oktoba hupandishwa nchi kavu, hufunikwa plastiki na kukaa hivyo hadi Mei, ilhali upande wa magharibi wa Florida, kwenye Ghuba ya Mexico, msimu mzuri wa matanga ndio kwanza unaanza. Safari hii tumepata nafasi ya kukaa huko kuanzia Desemba hadi Machi.

Ninataka kujua ni mambo gani yanayoamua kama boti ya ukubwa huu inafaa kupakiwa kwenye lori, kazi zipi nizifanye mwenyewe na zipi niwaachie wasafirishaji, na kama ipo sababu ya maana ya kupendelea njia ya mito badala ya barabara.

FundiSitaha

Ndugu Kaskazi, chukua futi kamba kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Nchini Marekani mzigo wenye upana usiozidi mita 2.59 hupita kwenye barabara kuu bila kibali maalumu. Boti yako imevuka kiwango hicho kwa karibu nusu mita, kwa hiyo msafirishaji atalazimika kuomba kibali katika kila jimbo atakalolipitia, yaani Indiana, Kentucky, Tennessee, Georgia na Florida yenyewe, pamoja na jimbo la Michigan iwapo boti iko upande wa mashariki wa ziwa. Hilo lisikutishe, kwa kuwa kwa wasafirishaji wa boti ni kazi ya kila siku. Kitakachokugusa wewe ni ratiba: mizigo mipana kwa kawaida husafiri mchana tu, na mara nyingi huzuiwa siku za sikukuu na katika saa za msongamano mijini. Anayekuahidi kufika upesi mwezi Desemba hajakumbuka kwamba jua huzama mapema. Magari ya kusindikiza hayakuhusu, kwa sababu katika majimbo mengi huanza kudaiwa upana unapozidi mita 3.66.

Kimo ndicho kinachowaponza wengi. Kikomo katika majimbo hayo yote ni mita 4.11, kuanzia lami hadi ncha ya juu kabisa ya mzigo. Pima kutoka chini ya mkuku hadi kwenye kitu cha juu kabisa kisichofunguliwa, kisha ongeza kimo cha kitanda cha trela itakayokuja, ambacho msafirishaji anapaswa kukutajia bila kukisia. Watu hupima hadi paa la chumba wakasahau reli za omo (mbele ya boti), nguzo ya usukani na fremu ya rada kule tezi (nyuma). Vinavyofunguka vifunguliwe, na kipimo cha mwisho kiandikwe kwenye mkataba, kwa sababu dereva huchagua madaraja ya kupita chini yake kwa kutegemea namba hiyo.

MamaNanga

Ninaongeza kuhusu watu utakaowakabidhi boti. Wengi wanaojitangaza kuwa wasafirishaji ni madalali wanaotafuta lori baada ya wewe kulipa malipo ya awali. Udalali si kosa, na wapo walio makini sana, ila ni lazima ujue unazungumza na nani. Omba namba ya usajili ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani ya kampuni yenye lori, uitazame kwenye kumbukumbu za serikali zilizo wazi kwa kila mtu, na uhakikishe jina lililoko pale ndilo lililoko kwenye mkataba. Dalali anatakiwa na sheria kuweka dhamana ya dola 75,000, lakini usidanganyike kuwa fedha hizo ni za kukufidia boti ikipasuka. Lengo lake ni kuwalinda wateja na wenye malori dhidi ya dalali asiyetimiza malipo yake.

Kwa upande wa bima, omba cheti cha bima ya mzigo kitumwe na kampuni ya bima moja kwa moja, kisha uulize bima yako mwenyewe kama inafuata boti ikiwa juu ya lori, kwani sera nyingi za bima huilinda boti ikiwa majini au uwanjani tu, na safari ya barabara huhitaji kuongezwa kwa maandishi. Piga picha za kila upande mbele ya dereva, naye aweke sahihi kwenye hati ya mzigo inayoeleza mikwaruzo iliyopo. Boti ikifika, ikaguliwe kabla hujaweka sahihi yako, hata kama dereva ana haraka.

Tishali

Mimi ninatofautiana kidogo na wenzangu, kwa kuwa njia ya maji ipo na ni nzuri. Kutoka Chicago unashuka Mto Illinois hadi Mississippi, unapanda Ohio kidogo na kuingia Mto Tennessee, kisha unafuata mfereji wa Tennessee–Tombigbee, uliokamilika mwaka 1984 wenye urefu wa kilomita 377 na vizuizi 10 vya kupandisha na kushusha vyombo, hadi unatokea baharini Mobile. Anayependa safari kwa ajili ya safari hatajuta.

Hata hivyo, nitakuwa mkweli kwa Ndugu Kaskazi. Karibu na Chicago lipo daraja lisilofunguka, lenye nafasi ya takriban mita 6 tu juu ya maji, na hakuna njia ya kulizunguka. Kwa hiyo mlingoti wako utashushwa vilevile na kulazwa sitahani kwa majuma kadhaa. Kwa anayetaka kuwa Florida Desemba na kurudi ziwani majira ya kuchipua, mito itakula sehemu kubwa ya likizo yenyewe, na wakati wa kurudi utapambana na mkondo wa Mississippi. Ushauri wangu ni lori, isipokuwa ukistaafu.

Kaskazi

Ninawashukuru nyote. Basi nimeelekea barabarani. Naomba sasa ufafanuzi wa maandalizi ya boti yenyewe, hasa mlingoti na injini. Je, kuna haja ya kuilinda injini dhidi ya barafu wakati boti inakwenda kwenye joto?

FundiSitaha

Haja ipo, tena kubwa. Lori linaweza kulala njiani huko Indiana au Kentucky katika usiku wa baridi kali, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, kiasi kinachotosha kupasua bomba au kiini cha injini. Toa maji yote ya mfumo wa kupoza, ya matangi, ya choo na ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), kisha pitisha dawa ya kuzuia kuganda kama vile unavyofanya kila vuli. Mafuta yapunguzwe, betri zitenganishwe, na kila kitu kinachoweza kuruka kiwekwe chini na kufungwa. Kumbuka kwamba omo litakuwa linakata upepo wa kasi ya barabara kuu kwa siku nzima. Kifuniko cha sitaha kinachofunguka kuelekea mbele kitang'olewa kisipofungwa kwa komeo la ndani na kamba. Turubai na plastiki ya kufunikia ni bora visiwepo, maana hupigapiga na kusugua rangi hadi kuiharibu.

Kabla ya kulegeza nyaya za mlingoti, pima sehemu ya nyuzi za skrubu inayoonekana katika kila kikazio, uiandike, na ufunge kitambulisho kwenye kila waya. Vua taa, antena na kipima upepo, kisha mlingoti uvingirishwe zulia kuukuu mahali pote utakapogusa chuma. Mlingoti usafiri ukiwa umefungwa kwenye trela, wala usining'inie juu ya reli za boti.

Boti ikishawekwa kwenye trela, uzito wake wote unatakiwa kukaa juu ya mkuku, huku nguzo za pembeni zikiishikilia tu isiegemee. Panda ndani ufungue na kufunga mlango wa choo. Ukiwa umeanza kukwama ilhali jana ulifunga vizuri, nguzo zinabana ubavu wa boti na kuupinda, na hapo dereva azilegeze au azisogeze hadi mahali penye kiambaza kwa ndani.

MamaNanga

Yamebaki ya maji yenyewe. Ziwa Michigan lina kome wenye milia, wavamizi waliogunduliwa katika Maziwa Makuu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao hudumu siku kadhaa nje ya maji hali ya hewa ikiwa baridi na unyevu, na majimbo mengi yanakataza kuwasafirisha. Boti ioshwe tumbo, ikaushwe, na ngama ifutwe kwa kitambaa, kwani viluwiluwi vyao havionekani kwa macho.

Anodi, yaani vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya sehemu nyingine za boti, pia zinahitaji kubadilishwa. Boti ya maji baridi mara nyingi huwa na anodi za magnesiamu, nazo kwenye maji ya chumvi huliwa upesi mno. Weka za zinki au aluminiamu boti ikiwa bado juu ya mikanda ya winchi, halafu urudishe zile za magnesiamu utakapopakia kurudi kaskazini. Rangi ya chini nayo iwe ya kuhimili bahari ya joto.

Kwa usajili, Florida inakubali usajili halali wa jimbo lingine kwa siku 90 mfululizo, na mpango wako wa Desemba hadi Machi unazidi hapo, kwa hiyo wasiliana mapema na ofisi ya usajili ya huko. Usipeleke boti kabla ya tarehe 30 Novemba bila kuuliza bima, kwa sababu ndiyo siku rasmi ya mwisho wa msimu wa vimbunga, na sera nyingi hukataa madai yatokanayo na vimbunga kwa boti iliyofika kusini kabla ya siku hiyo.