Tupeane uzoefu: nani mwingine aliandikiwa taifodi na haikuwa taifodi?

Mkazi wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Dodoma mjini. Kuanzia Januari mpaka Mei nimeandikiwa taifodi mara nne. Stori ni ileile: naenda zahanati, natolewa damu, nakaa kwenye benchi, narudishiwa cheti kwamba malaria hakuna, ila kipimo cha taifodi, kile kinachoitwa Widal, kimesoma 1:160. Naondoka na antibayotiki, siprofloksasini. Siku tatu nne nakuwa mzima kabisa, halafu jioni moja homa hiyo imerudi, usiku jasho mpaka shuka linakamulika, nyonga zinauma kama nimeshusha lori la saruji. Wife akaanza kuulizia kwa upole kama nimegombana na mtu kijijini.

Mara ya tano nikaangukia kwa daktari kijana sehemu nyingine. Hata hajanigusa, akauliza, "Mzee, maziwa unakunywa ya namna gani?" Nikamwambia shemeji yangu wa Mvumi ananiletea dumu kila wiki, na sisi Wagogo ukituchemshia maziwa tunaona umetunyima utamu. Akaandika kipimo kingine. Ilikuwa brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Nikapewa dawa za aina mbili kwa pamoja, wiki sita. Aliniambia zile za mwanzo zilikuwa zinawatuliza wadudu tu bila kuwamaliza, ndiyo maana nilikuwa napata nafuu ya kudanganya.

Swali langu: nyie iliwatokea vipi? Na hicho kipimo cha taifodi kina faida gani kama kinamkamata kila mtu?

Mama wa Kibaigwa
Mie ni UTI. Mtoto kila akichemka mwili, UTI. Mkojo wenyewe hata haukupimwa mara mbili kati ya hizo. Naendelea kusoma hapa.

Darubini Kuukuu
Mkuu, nimekaa maabara miaka mingi, acha niwatetee wenzangu kidogo kisha niwaseme.

Widal ni jina la Mfaransa aliyekitangaza hicho kipimo mwaka 1896. Hakitafuti mdudu. Kinatafuta askari ambao mwili wako umewatengeneza dhidi ya mdudu. Shida ni kwamba askari hawaendi likizo haraka: uliugua mwaka juzi, bado wapo. Ulichanjwa, wapo. Una malaria au bakteria wengine wa ukoo wa karibu, kipimo kinaweza kuwachanganya. Tulifundishwa kwamba ukitaka kukiamini, pima leo, rudia baada ya siku kadhaa, uone kama kiwango kimepanda mara nne. Nani anarudi? Mgonjwa katoka Hombolo kwa bodaboda, anataka majibu na dawa leo.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani kuwaacha wadudu waliomo wakue maabara mpaka waonekane. Kinachukua siku, kinahitaji maabara yenye vifaa, na chenyewe huwakosa wengi, hasa mtu aliyeshameza antibayotiki za dukani kabla ya kuja.

Sasa kipimo chenyewe kinapimwaje? Unachukua watu ambao njia ngumu zaidi imeshathibitisha kuwa wanaumwa, na wengine ambao imethibitisha hawaumwi ugonjwa huo, unawapima wote bila mpimaji kujua nani ni nani. Halafu unahesabu: wagonjwa wangapi kimewakamata, na wasio nao wangapi kimewasingizia. Hiyo ya pili ndiyo watu huisahau. Chukua mfano wa kubuni: wanakuja watu 100 wenye homa, 5 tu ndio wana taifodi. Kipimo kinamsingizia mmoja katika kila watano. Basi kati ya wale 95 wasio nayo, 19 wataondoka na cheti cha taifodi, pamoja na wale 5 wa kweli. Watu 24 wanameza dawa, 19 bure. Na ile homa yao halisi hakuna anayeitafuta tena, kwa sababu jina limeshapatikana.

Hata kile cha haraka cha malaria kina yake. Aina inayotumika sana inanasa protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukirudia mapema mno unaambiwa bado unaumwa.

Kuna utafiti uliofanyika Moshi 2007 hadi 2008, watu 870 waliolazwa na homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Damu ilipochunguzwa kwa makini, wenye malaria kweli walikuwa 14. Na kati ya wale waliopimwa homa zinazotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nazo, brusela ikiwemo.

Mkazi wa Nkuhungu
14 kati ya 870! Ila mkuu, Moshi siyo Dodoma.

Darubini Kuukuu
Kweli kabisa, na usiibebe namba ile uilete Chamwino kama ilivyo. Ila lile swali la maziwa linahamishika.

Mrangi wa Chemba
Mnanikumbusha 2016. Kwetu watu walianza kuwa macho ya njano, tumbo linauma, linavimba, watoto wanafariki. Kila mtu alikuwa na lake: maji, sumu ya panya, uchawi. Dodoma na Manyara baadaye walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20. Walichofanya wachunguzi ndicho kilichonishangaza. Hawakuishia kwa wagonjwa. Walikuja pia nyumba ambazo hazina mgonjwa, ya kwetu ikiwemo, wakauliza tunakula nini, wakachota mahindi. Marehemu baba akafoka, "Sisi wazima mnatupima nini?" Kumbe ndiyo penyewe: mahindi ya wenye wagonjwa yalikutwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, nyingi kupita yetu. Bila sisi wazima wangelinganisha na nini?

Kijana Mjuaji
Haya mambo ya utafiti ni wazungu kutufanya panya. Unapewa dawa hujui ni dawa au unga.

Bibi Mapambo
Mjukuu wangu, punguza sauti. Mimi ni wa Kongwa, macho yetu yamefunuliwa na watafiti kabla hujazaliwa. Vikope vilikuwa vinatumaliza: kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho, bibi zetu wakatembea wameshika fimbo wakiongozwa na watoto. Wakachukua vijiji sita, wakavipanga jozi tatu. Vyote vilipata dawa ya kupaka machoni siku thelathini, hakuna aliyenyimwa. Ila katika kila jozi, kijiji kimoja kilipigwa kwa kura kipate na mafunzo ya kuwanawisha watoto uso. Sisi tukabisha, maji tunayafuata mbali, unawishe uso? Wakatuonyesha kikombe kimoja kinatosha nyuso ngapi. Mwaka ulipoisha, vikope vikali vilikuwa vichache kwenye vijiji vya kunawa. Dawa ilikuwa sawa kote, kwa hiyo tofauti haikutoka kwenye dawa. Ilitangazwa 1995.

Uliza fomu ya ridhaa, soma, ukikataa kataa, hawakufungi. Na usikubali utafiti usio na kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ila panya hasainishwi fomu, mjukuu wangu.

Kijana Mjuaji
Shikamoo bibi.

Bibi Mapambo
Marahaba.

Mama wa Kibaigwa
Nimeuliza leo kuotesha mkojo wa mtoto. Wamesema nisimpe dawa yoyote kwanza, nipeleke mkojo wa asubuhi kwenye kichupa chao, majibu kama siku tatu. Nimeshampa vidonge viwili jana usiku. Darubini, nisubiri siku ngapi?