Tupeane uzoefu: mashindano ya ushairi darasani, alama mnazigawaje?

Mleta uzi (Nakuru)
Walimu wenzangu wa Kiswahili, hamjambo. Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 80, na swali la ushairi lina 20, ila shairi ndilo wanafunzi wanalolikimbia. Wengi wetu tumegeukia mashindano darasani. Shida ni kwamba mara nyingi anashinda mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia, halafu mtihani ukija huyo huyo hatofautishi ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo (mstari wa shairi). Leteni utaratibu: makundi, muda, alama, na mahali mambo yanapoharibika. Hadithi za shule ya nani ilifika tamasha la kitaifa zina uzi wake.

Mwalimu, Kisumu
Anza na kujaza utao, si kutunga shairi zima. Kipindi ni dakika 40. Darasa la 48 ligawe makundi 8 ya watu 6. Wakizidi hapo, wawili wanatunga na wengine wanapiga soga. Bandika mshororo mmoja ubaoni:

*Magugu yameenea, nyavu zetu zimenasa*

Mizani (silabi) 8 kwa 8, vina, yaani silabi za mwisho za kila kipande, -a na -sa. Kila kundi lilete mshororo wa pili kwa dakika 7. Jibu moja utakalolipata huku ziwani ni hili:

*Samaki wamepotea, bei nayo yatuchosha*

Mizani imetimia, lakini kina cha utao kimevunjika: -sha si -sa. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijaluo mara nyingi hutamka "yatuchosa", kwa hiyo masikioni mwake vina vimelingana. Ukimkata alama bila kueleza, ataona umemwonea. Kila mshororo uandikwe kwanza, kundi pinzani lipige mstari chini ya silabi ya mwisho ya kila kipande, ndipo usomwe kwa sauti. Akiandika "bei nayo yatutesa" amepona.

Mwalimu, Njoro
Huku kwetu Wakikuyu wengi wanachanganya -ra na -la, na -da na -nda. Dawa ni hiyo hiyo, kuandika kwanza.

Niongeze kuhusu mizani, maana ndiko ugomvi unakoanzia. Kuhesabu kwa makofi pekee hakufai: mwanafunzi hupigia "mtu" kofi moja, na ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" pia mbili. Mtego mkubwa zaidi ni "mvua" na "mvuvi". *Mvu-a* ni mbili kwa sababu m imeshikana na v. *M-vu-vi* ni tatu kwa sababu m ile ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake. Kundi likihesabu m-vu-a litaona "Mvua imetunyeshea" ina mizani 9, likate liandike "Mvua metunyeshea", kisha lijitetee kwamba ni inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie. Mshororo ulikuwa na 8 tangu mwanzo, sasa una 7. Maneno ya mkopo nayo: *da-k-ta-ri*, nne. Bandika orodha fupi ya maneno haya ukutani kabla ya mashindano, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kwenye rufaa.

Mwalimu, Bungoma
Mimi nasema vina na mizani vinapewa nafasi kubwa mno. Malumbano yanafundisha zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na wanafunzi wakielewa kwamba shairi lilikuwa silaha wanachangamka. Kundi A litunge ubeti mmoja wa kuchokoza, kundi B lijibu kwa ubeti mmoja wenye vina vile vile. Muda wa kujibu ni dakika 10. Ukiwapa siku nzima, jibu litaandikwa na kaka wa chuo kikuu.

Tena tuna hazina nyumbani. Pakruok ya Wajaluo ni majigambo hai, na Wabukusu wana khuswala kumuse, ufasaha wa matangani. Vitumieni kufundishia toni na nafsineni (anayesema ndani ya shairi). Onyo: majigambo hugeuka matusi ya kikabila upesi. Weka sheria kwamba kinachokejeliwa ni hoja au tabia, kamwe si mtu wala kabila lake, na anayevunja sheria kundi lake linapoteza raundi.

Mleta uzi (Nakuru)
Sawa, ila alama?

Mwalimu, Bungoma
Jumla 20 kama mtihani. Ujumbe 6, umbo 6, uhuru wa mshairi (ruhusa ya kukiuka kanuni za lugha) 4, uwasilishaji 4.

Mwalimu, Kakamega
Uwasilishaji 4 ni nyingi. Mimi ningeweka 2, na hizo mbili zingine zihamie kwenye uchambuzi, kwa sababu mtihani haumsikii mtu akighani. Raundi ya mwisho makundi yabadilishane tungo. Kila kundi liandike ubeti wa wenzao kwa lugha nathari (lugha ya kawaida), kisha litaje aina mbili za uhuru wa mshairi.

Kwenye nathari wengi hubadilisha maneno mawili matatu na kubakiza mishororo minne ilivyo. Hiyo haipati kitu, nathari ni aya. Kwenye uhuru wa mshairi wanataja jina na kukimbia. Dai vitu vitatu: jina, mfano kutoka ubeti huo, na sababu. "Kuboronga sarufi, *yangu nyumba*, ili kupata kina cha -mba." Sababu ikikosekana, nusu alama. Na waamuzi wasiwe marafiki wa kundi lolote. Tumia wanafunzi watatu wa kidato cha juu wenye karatasi ya alama mkononi, wajaze kabla ya makofi kupigwa.

Mwalimu, Kisumu
Nakubali kuhusu makofi. Yakishapigwa, mwamuzi wa kidato cha tatu hana ubavu wa kutoa alama 1.

Mwalimu, Njoro
Zawadi je?

Mwalimu, Kakamega
Usitoe vitu, watagombana. Kundi lililoshinda ndilo linalochagua mshororo wa kuanzia wiki ijayo. Na ambaye hana karatasi za manila atumie migongo ya kalenda za mwaka jana, vipande vya upana wa sentimita 10 hivi, vinginevyo dawati la nyuma halisomi.