Step Functions: mteja anatumiwa ombi la malipo mara mbili

Swali
Wakuu, habari za kazi. Mtiririko wa oda wa Step Functions (huduma ya AWS ya kupanga hatua za kazi) umechorwa kwenye Workflow Studio, kihariri chake cha kuburuta hatua: Lambda (kipande cha msimbo kinachoendeshwa AWS) inatuma STK Push (ombi la malipo la M-Pesa linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN), hatua inangoja jibu kwa waitForTaskToken (inasimama hadi irudishiwe tokeni yake, alama ya kuitambulisha), kisha risiti ya PDF na SMS. Mwanzoni oda za wateja wasiojibu zilikwama kwenye Running siku hadi siku. Nikaweka TimeoutSeconds (ukomo wa kungoja) 60 na Retry (kurudia hatua) ya States.ALL, yaani karibu kosa lolote, mara 3. Sasa hazikwami, ila anayechelewa kuweka PIN anapata ombi la pili, na wengine wanalipa yote mawili. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Ni hiyo Retry. States.ALL inabeba na States.Timeout, kwa hiyo sekunde 60 zikiisha Lambda inaitwa upya na kutuma ombi jipya lenye tokeni mpya. Mteja akilipa lile la kwanza, tokeni yake imeshakufa: SendTaskSuccess (mwito wa kurudisha tokeni) inarudisha TaskTimedOut, pesa imeingia lakini oda haijui.

TimeoutSeconds ibaki, tena ipandishe hadi 120. Bila hiyo hatua inaweza kungoja hadi mwaka mzima, ukomo wa Standard, aina ya mtiririko unayotumia. Ondoa Retry ya States.ALL, weka Catch (njia ya kufuata kosa likitokea) ya States.Timeout iende kwenye Lambda ya kuuliza hali ya malipo. ResultCode (namba ya matokeo ya malipo) ikiwa 0, endelea na risiti. Ikiwa 1032, mteja ameghairi, funga oda. CheckoutRequestID (namba ya ombi la malipo) ya kuulizia isomwe DynamoDB (hifadhidata ya AWS), kwa sababu kwenye waitForTaskToken kile Lambda inachorudisha hakiingii kwenye mtiririko.

Kwenye hiyo Catch usisahau "ResultPath": "$.kosa". Ukiiacha, maelezo ya kosa yanafuta data yote ya oda, na hatua inayofuata haina hata namba ya oda.

Jibu la 2
Mkuu hapo juu yuko sahihi, ila bado kuna tundu. Ukiburuta Lambda, Workflow Studio inajaza yenyewe Retry ya makosa kama Lambda.ServiceException, na Lambda inaweza kuwa imeshatuma ombi kabla kosa halijarudi. Kwa hiyo kabla ya kutuma, andika namba ya oda DynamoDB kwa sharti la attribute_not_exists (iandikwe tu kama haipo). Ikikataa, badilisha tokeni tu, usitume tena.

Tokeni ihifadhiwe kabla ombi halijatoka, na namba ya oda iwe ndani ya CallBackURL (anwani inakotumwa jibu la malipo). Ukisubiri CheckoutRequestID irudi ndipo uhifadhi, jibu la malipo linaweza kukutangulia.

Muulizaji
Shukrani sana wakuu. Nikihamia Express, ile aina ya mtiririko wa muda mfupi, si itakuwa nafuu zaidi?

Jibu la 1
Express haina waitForTaskToken, na inakoma dakika 5. Baki Standard.

Jibu la 3
Na hiyo PDF usiipitishe kati ya hatua. Data ikizidi 256 KB unapata States.DataLimitExceeded, na hiyo States.ALL haiidaki. Iweke S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS), upitishe jina la faili tu.